Alikuwa Anakuja

Jumatatu, 4 Machi 1968

Palizi ya wimbi, shamba la juu. Mgongo unauma. Mvua saa nane, kama jana. Pareto haikauki, inaanza kunuka. Mke wangu Moraa ameisogeza karibu na moto.

Jana sokoni Kebirigo nilihadithia tena ile ya chui. Watu walijaa nje ya duka hadi mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Nilimwua kwa mpini wa jembe, pigo moja, katikati ya macho. Jirani yangu Onsongo, mdomo wake wembe, akasema, "Huyo chui wako anakula nini? Kila mwaka ananenepa." Wakacheka. Ombati hakucheka. Ombati ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu hajui kuvaa suruali, sasa ana mabega kama fahali. Akamgeukia Onsongo: "Na wewe mzee, uliua nini?" Nikajisikia mtu.

Naandika kwa Kiswahili ili Moraa asisome. Yeye anasoma Biblia ya Kigusii tu. Kiswahili nilikipata jeshini, vita vya Burma, nilipokuwa mshika bunduki kubwa. Shule niliacha darasa la nne, lakini mwalimu alisema akili yangu ni ya darasa la nane.

Wazee wa kanisa wanataka kunifanya shemasi. Sabato nitatoa ushuhuda. Nitawapa ule wa mto uliofurika nikavuka na ng'ombe mabegani.

Jumatano, 6 Machi

Jana hakuna palizi. Leo pia hakuna.

Mtu amekufa. Kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Nilivyomwambia chifu ni hivi. Jumanne alfajiri, ukungu mzito, nilikwenda kwenye migomba kukata majani. Nikamkuta mwizi anafungua kamba ya ng'ombe wangu. Mwanamume mkubwa, mfuko mgongoni. Nikamrukia. Akaniponyoka, akakimbilia mtoni. Nikapiga enduru, mwito wetu wa hatari. Vijana wakatoka, wakamkuta mtoni, wakampiga, akafa. Chifu aliandika yote. Alinipa mkono.

Sasa hapa hakuna chifu. Mbona nalidanganya daftari?

Hakukuwa na mwizi.

Nilikuwa nimeinama nakata majani. Kitu kikanipumulia shingoni. Pumzi ya moto, na mate. Nikapiga yowe. Sikuita, sikukemea. Yowe. Nilipogeuka nikaona ni ndama wetu, amekata kamba usiku, ananinusa kola ya koti.

Ingekuwa yowe la kawaida ningecheka peke yangu. Lakini lilikuwa limeshatoka kama enduru, na enduru haina mwenyewe. Kwetu ukiisikia unaacha ugali mdomoni unakimbia, hata kama aliyepiga ni adui yako. Asiyekimbia si mtu. Nikaisikia yangu inapokelewa kilima cha pili, halafu cha tatu. Mwanamke huko ng'ambo akaipokea, ikaenda. Nilitamani kuifuata niirudishe.

Wa kwanza kufika ni Ombati. Miguu mitupu, rungu mkononi. "Baba mdogo, nini? Nini?" Nyuma yake wanaume wa kila boma, mapanga, wengine wamejifunga blanketi. Wote wananitazama. Na Onsongo yumo. Nikamwaza Onsongo kesho sokoni: mwua chui amelia kwa sababu ya ndama.

Nikasema, "Mwizi! Alikuwa anafungua ng'ombe. Ameelekea mtoni. Ana mfuko mgongoni."

Mfuko sijui niliutoa wapi. Hadithi zangu haziendi mikono mitupu.

Wakashuka. Mimi nikafuata polepole. Ndama alikuwa amesimama nyuma ya migomba tu. Hakuna aliyemtazama.

Huko kivukoni palikuwa na mtu. Alilala boma la ng'ambo, akaamka mapema aendelee na safari. Alikuwa na mfuko mgongoni. Alikuwa anakimbia. Si kwamba anatoroka. Alisikia enduru akaitikia, kama mwanamume yeyote. Alikuwa anapanda kilima aje kunisaidia.

Wakakutana naye kwenye ukungu. Mtu anakimbia, ana mfuko. Ombati ndiye aliyepiga kwanza.

Nilipofika mfuko ulikuwa umepasuka. Vitabu. Biblia, vitabu vya nyimbo, kimoja cha picha za watoto. Alikuwa mwinjilisti, anatembeza vitabu boma kwa boma. Anaitwa Zakaria, wa upande wa Ekerenyo. Wengine walimjua wakishamgeuza uso.

Askari walichukua mwili na mfuko. Vitabu vitatu vilibaki kwenye matete. Moraa alivileta, akavianika juu ya moto, mahali pa pareto. Hajaniuliza kitu. Tangu Jumanne ananiwekea chakula, anatoka nje.

Sabato, 9 Machi

Kanisa lilijaa hadi nje. Hata wasioonekana tangu Krismasi.

Mchungaji alihubiri juu ya Kaini. Baadaye kila mtu na neno lake. Wengine: damu isiyo na hatia imemwagika, mvua itakatika. Wengine: lakini kwa nini alikimbia? Wengine: ni mpango wa Mungu, tusiulize. Wengine: ni shetani. Shetani amebebeshwa mzigo wote wiki hii, na mara hii hata hakuwepo.

Wakapata mwenye kosa. Mwenye kosa ni yule mwizi wa kwanza, aliyefungua ng'ombe akatoweka na kuacha mtu mwema afe mahali pake. Wote wakashika hilo kama mtu anayezama ameshika mzizi. Mchungaji akasema tupige magoti, tumwombe Mungu amfichue mwizi.

Tukapiga magoti. "Bwana, mfichue popote alipo." Mimi nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilisikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye mabati.

Si hayo tu. Wakaniomba nisimame nieleze. Ningeweza kusema naumwa. Nikasimama. Nikasema mwizi alikuwa na kisu. Kisu kirefu, cha mpini mweupe. Juzi hakikuwepo, leo kimetokea. Akina mama wakashika midomo. Mzee mmoja akasema Bwana asifiwe kwa kumlinda ndugu yetu.

Nimeona haya hadi kwenye nyayo. Na bado, pale niliposimama, kwa dakika moja, nilifurahi. Hilo ndilo baya zaidi. Naliandika ili nisiweze kulikana.

Mfungo wa siku tatu umetangazwa.

Jumatatu, 11 Machi

Askari wamemchukua Ombati. Na kijana mwingine wa kilima cha pili. Ombati hakujificha. Alikuwa anapasua kuni kwa mama yake, akaweka shoka chini taratibu, akanawa mikono.

Akaniambia mbele yao, "Baba mdogo, waeleze tu ulivyomwona yule mwizi. Watajua hatukuwa na nia mbaya." Bila wasiwasi wowote. Kama mtu aliyeacha mzigo wake kwa mtu anayemwamini.

Nikatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa tu.

Mama yake, shemeji yangu Nyaboke, alikaa chini pale pale kwenye vibanzi vya kuni. Watu wanasema ni kesi ya kuua. Watu wanasema kamba ya kunyongea. Nyaboke akaniuliza, "Shemeji, wewe uliyeona si utatosha kuwa shahidi?" Nikamwambia nitatosha.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya tatu ya mfungo. Nimekula viazi viwili kwenye kibanda cha pareto, baridi, na maganda yake. Hata njaa siiwezi, mimi niliyetembea Burma siku tisa bila chakula.

Burma nilikuwa jikoni. Nilikuwa naosha sufuria. Njaa sikuijua hata siku moja.

Nimejaribu kuomba. Naanza vizuri, Baba yetu, kisha naona namweleza Mungu habari za yule mwizi. Namwambia Mungu kisu kilivyokuwa! Ulimi umezoea njia yake kama ng'ombe anayerudi zizini.

Ijumaa, 15 Machi

Mungu hajamfichua mwizi, kwa hiyo watu wamemtafuta wenyewe. Wamempata Mose.

Mose anaishi peke yake chini ya mteremko wa Sironga. Zamani, kabla ya Uhuru, alifungwa kwa mbuzi. Mbuzi mmoja. Miaka yote hii anachoma makaa, hasemi na mtu. Jana walirusha mawe kwenye paa lake. Leo asubuhi wamekuja kwangu wanaume saba na Onsongo mbele. Hawakukaa.

"Ni Mose?"

Nikasema ukungu ulikuwa mzito.

"Lakini kisu ulikiona."

Nikasema Mose ana mguu mbovu, yule alikimbia kama swala.

"Mzee, mtu akiwa na hofu mguu unapona. Sema tu ndiyo. Ukisema ndiyo tunajua la kufanya. Na Ombati atarudi nyumbani."

Naam. Neno moja. Mtu asiye na mke, asiye na watoto, hata mazishi yake yasingekuwa makubwa. Nililiwaza. Siandiki kwamba sikuliwaza.

Nikasema, "Niacheni nifikiri hadi Sabato." Ndivyo alivyojibu mwua chui.

Wakaenda. Moraa alikuwa mlangoni na ungo. Alisikia yote. Akapepeta wimbi, akapepeta, hadi hakuna makapi, akaendelea kupepeta.

Sabato, 16 Machi

Nimesema.

Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama kabla magoti hayajashauriana. Nikasema, hakuna mwizi. Hapakuwa na mwizi wala kisu. Ni ndama. Ndama alinipumulia shingoni nikalia, mkaja, nikaona haya, nikadanganya.

Walicheka.

Sikutarajia hilo. Walicheka jinsi wanavyocheka sokoni, kwanza vijana, halafu wanawake upande wao. Wamezoea. Nikifungua mdomo wanajua kinachokuja. Onsongo akasema kwa sauti, "Leo chui amekuwa ndama!"

Nikasema tena. Safari hii hawakucheka, wakanuna. Mzee mmoja akasema, "Tunakuelewa, ndugu. Unamtafutia kijana wako njia. Lakini usitumie nyumba ya Mungu." Mwingine akasema Mose amenihonga makaa. Vijana wa nyuma wakaanza kutoka mmoja mmoja, najua wanakwenda wapi.

Nikaapa. Nani anaamini kiapo changu? Miaka ishirini nimekuwa nikiapa kuhusu chui.

Nilikuwa nimesimama, mdomo wazi, nina ukweli mmoja tu na hakuna wa kuupokea.

Ndipo Moraa aliposimama. Moraa hajawahi kusema kanisani zaidi ya kuimba. Alishika ukingo wa benchi. Akasema kwa Kigusii, polepole:

"Jumanne ile, nyinyi mkishuka mtoni, mimi nilikwenda kwenye migomba. Nikamkuta ndama. Kipande cha kamba shingoni, kimetafunwa. Nyayo zilizokuwepo ni za ndama na za viatu vya mume wangu. Hazikuwepo nyingine. Kamba ninayo nyumbani."

Mchungaji akamwuliza, mama, mbona hukusema siku zote hizi?

"Nilikuwa nangoja aseme yeye."

Akakaa.

Vijana waliokuwa mlangoni wakarudi ndani. Hakuna aliyesema amina. Nyaboke alilia bila sauti, ameinama kama anayeumwa tumbo. Mchungaji alifunga Biblia. Tukatoka bila wimbo. Njiani watu walinipisha kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Alijua. Siku kumi na moja alijua, ananiwekea chakula, anatoka nje.

Jumapili, 17 Machi

Mose amepita. Akasimama langoni, mkono kwenye mguu wake mbovu. Nilidhani atanishukuru. Nilikuwa tayari nimepanga la kujibu, la unyenyekevu.

Akatema mate, akaenda.

Jumanne, 19 Machi

Kisii mjini, na mchungaji. Nimeandikisha maelezo. Askari akauliza kazi, nikasema mkulima. Akauliza, hujawahi kufanya kazi nyingine? Nikasema niliosha sufuria jeshini. Akaandika. Ukurasa mmoja tu. Nilidhani ungekuwa mrefu zaidi.

Alisema haya yatasaidia kidogo, lakini waliopiga walipiga. Na mimi kesi yangu itakuja, ya kudanganya. Sawa.

Wakaniruhusu kumwona Ombati. Amekonda. Nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa askari. Nilisema yote nikitazama kifungo cha shati lake.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Akasema, "Na chui, baba mdogo?"

Nikamwambia. Chui tulimkuta amekwisha kufa kwenye mtego wa watu wengine. Mimi na baba yako. Mimi niligusa mkia.

"Baba alijua unavyosema?"

"Alijua. Alikuwa anacheka."

Akageukia ukuta. Baadaye akasema, si kwangu, kwa ukuta: "Aliniita ndugu. Kabla sijapiga. Aliniuliza, ndugu, ni wapi?" Wakanitoa.

Sijalala. Ni wapi. Aliuliza ni wapi.

Jumatatu, 25 Machi

Palizi. Uzee umenishukia ndani ya wiki moja. Wazee wa kanisa wametuma habari: nisishike chombo chochote cha ibada, nikae benchi la mwisho. Nimekubali. Benchi la mwisho lina kijito cha maji ya mvua kutoka kwenye paa. Nitakaa hapo.

Naomba kidogo sasa. Naomba maneno machache ili nisipate nafasi ya kupamba. Nasema, ni mimi. Kisha nanyamaza. Sijui kama hiyo ni sala.

Alhamisi, 28 Machi

Ekerenyo. Mchungaji, wazee wawili wa ukoo, na mimi nyuma. Nimebeba vile vitabu vitatu ndani ya kitambaa cha Moraa. Vimekauka lakini kurasa zimevimba, zinanuka moshi na pareto.

Mjane wa Zakaria anaitwa Kerubo. Mwanamke mwembamba, watoto wanne, wa mwisho mgongoni. Hakulia. Kaka za marehemu walisimama mlangoni mikono kifuani. Wazee walisema yao, ng'ombe wa fidia watakaoletwa, siku ya kikao. Aliwasikiliza kama anasikiliza mvua.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, mazuri. Yote yakapotea, nashukuru. Nikasema, mimi ndiye niliyepiga enduru. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa ndama.

Kaka mmoja akaguna, akatoka nje. Kerubo alichukua vitabu, akafungua kile cha picha, akajaribu kunyoosha ukurasa kwa kiganja. Haukunyooka.

Akasema, "Hapa sokoni wananiambia alikuwa anakimbia. Wanasema, mtu mwema hakimbii. Watoto wanaambiwa hivyo njiani." Kisha akanitazama usoni, mara ya kwanza. "Nataka kitu kimoja. Alikuwa anakimbia kwenda, au kuja?"

Nikasema, "Kuja."

"Uliona?"

"Sikuona. Lakini aliyempiga amesema aliuliza, ndugu, ni wapi. Na nilipomkuta, kichwa chake kilikuwa kimeelekea kilimani kwangu. Alikuwa anakuja."

Akawaita watoto wakubwa wawili waliokuwa nyuma ya nyumba. Wakaja, wakasimama. Akaniambia, "Waambie."

Nikawaambia. Sikuongeza kitu.

Jumatano, 10 Aprili

Ukungu leo, kama siku ile. Ndama nimemfungia kamba mpya, mafundo mawili.

Nilikuwa nakama. Enduru, ng'ambo ya mto. Ya mwanamke, fupi, halafu tena.

Nikangoja niisikie ikipokelewa. Haikupokelewa. Milango ya kilima chetu ilifunguka kidogo, nikaona watu wamesimama vizingitini, wanatazamana. Onsongo alikuwa na panga mkononi, akaliegemeza ukutani, akarudi ndani. Hakuna anayetaka kuwa mtu anayekimbia kwenye ukungu.

Nikaweka kibuyu cha maziwa chini. Nikashuka mikono mitupu, nakimbia kadiri ninavyoweza, nikiita jina langu kila hatua wanisikie ni nani.

Ni bibi mmoja mzee, aliteleza na mtungi pale kivukoni. Goti limechubuka, mtungi umevunjika. Alikuwa amekaa kwenye matope. Nikamwinua, nikamkalisha juu ya jiwe.

Akatazama njia niliyoshuka, nyuma yangu, akatazama sana.

"Wengine wako wapi?"

Nikainama, nikaanza kumwokotea vigae.